Presha Haingoji Uzee: Yanayotendeka katika Moyo na Mishipa ya Vijana Wetu



Katika ibada za mazishi tunazoadhimisha kwenye parokia za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Boko na Bunju, yapo maneno mawili yanayorudi mara kwa mara wasifu wa marehemu unaposomwa: “alianguka ghafla”. Marehemu alikuwa na miaka arobaini, pengine thelathini na minane. Jumatatu alikwenda kazini, Jumanne akaanguka. Waombolezaji hutazamana, na kabla jeneza halijafika makaburini wapo waliokwisha kunong’onezana kwamba ametupiwa jini. Daktari, kwa upande wake, huwa ameandika kiharusi, au moyo kushindwa kufanya kazi, au figo kufeli; na nyuma ya majina hayo matatu mara nyingi limesimama jambo moja, yaani shinikizo la juu la damu, ambalo sote tunaliita presha.

Neno “ghafla” ndilo ninalopenda tulichunguze. Mshipa uliopasuka Jumanne haukuanza kuharibika Jumatatu. Kwa wengine ulianza kubadilika wangali wanafunzi wa sekondari, katika umri wa miaka 14 au 16, wakicheza mpira na kuimba kwaya, pasipo maumivu yoyote na pasipo mtu yeyote kuwashuku kuwa wagonjwa.

Sisi bado tunaiona presha kuwa ugonjwa wa wazee. Angalia siku za afya zinazoandaliwa parokiani baada ya Misa ya Dominika. Wauguzi huketi kivulini na vipimo vyao, na foleni huwa ni ya akina mama wa WAWATA na akina baba wa UWAKA. Vijana wa TYCS na VIWAWA wapo pia, lakini kazi yao ni kupanga viti na kugawa maji. Hakuna anayewaambia nao wakunje mikono ya mashati. Na kijana mwenyewe akijipeleka kwenye foleni, huchekwa kidogo na kuulizwa ana mawazo gani hata apimwe presha.

Kicheko hicho hakina msingi. Utafiti uliofanyika miongoni mwa watoto zaidi ya 400 wa shule za msingi jijini Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya saba akiwa na shinikizo la damu lililopanda. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliovuka miaka 10 na kwa wenye uzito uliopitiliza. Ni kweli kwamba vipimo vinavyochukuliwa kwa siku moja huonyesha idadi kubwa kuliko ile inayobaki vikirudiwa siku nyingine, jambo nitakalolieleza mbele. Hata hivyo, nusu tu ya idadi hiyo ingetosha kututoa usingizini. Kuhusu watu wazima tuna habari ya siku nyingi zaidi: utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliolinganisha Ilala hapa mjini na Shari kule Kilimanjaro, ulikuta zaidi ya theluthi ya watu wazima wa Ilala wakiwa na presha ya juu, dhidi ya zaidi kidogo ya robo kule kijijini. Waliojua kwamba wanayo hawakufika hata mmoja kati ya watano. Watoto wa watu wale wa Ilala ndio wazazi wa vijana wetu wa leo.

Shinikizo la damu, lenyewe kama lenyewe, si ugonjwa. Ni ile nguvu ambayo damu hutumia kusukuma kuta za mishipa inamopita, na bila nguvu hiyo damu isingepanda kufika kichwani. Inapendeza kujua kwamba mtu wa kwanza anayejulikana kuipima alikuwa mhudumu wa altare, kasisi wa Kanisa la Anglikana huko Teddington, Uingereza, aitwaye Stephen Hales. Mwaka 1733 alichapisha habari ya jaribio ambalo alichomeka mrija katika mshipa wa farasi, na damu ikapanda ndani ya kioo zaidi ya mita mbili. Kwa bahati njema ya vijana wetu, mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alibuni mkanda wa kufunga mkononi, na mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda huo kwa chombo cha masikioni. Ndiyo maana tunasomewa namba mbili. Ya juu ni nguvu iliyopo moyo unapokaza na kusukuma. Ya chini ni ile inayobaki moyo unapolegea kujaza damu tena. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki.

Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo ni wimbi linalogonga kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni kuipeleka mwilini. Aliyejenga Goba au Kimara anafahamu jinsi maji ya bomba yakikatika siku tatu na kurudi usiku kwa nguvu yanavyoweza kung’oa viungo vya mabomba. Lakini mfano huu wa bomba, ambao hata wauguzi huupenda, unatufikisha nusu ya njia tu, kwa sababu bomba ni kitu kisicho na uhai. Bomba husubiri hadi lipasuke. Ateri ni kiungo hai. Ikisukumwa kupita kiasi hujibu, na majibu yake ndiyo yanayoleta madhara.

Ateri kubwa ya kijana mwenye afya hunyumbuka. Moyo unaposukuma, hupanuka na kupokea sehemu ya pigo. Moyo unapolegea, hujirudi taratibu na kuendelea kuipeleka damu mbele. Kunyumbuka huko hutokana na nyuzi laini zilizo ndani ya ukuta wake, mfano wa mpira wa manati. Nyuzi hizo kwa sehemu kubwa hutengenezwa utotoni, na mwili wa mtu mzima hauna uwezo mkubwa wa kuzitengeneza upya. Shinikizo likiwa juu siku baada ya siku, nyuzi zinachoka na kukatika kidogo kidogo, na nafasi yake inachukuliwa na nyuzi ngumu zisizonyumbuka. Ateri inakakamaa. Wimbi la damu likitoka moyoni halipati tena mto wa kuliegemeza, bali husafiri kwa kasi kubwa zaidi hadi kwenye mishipa myembamba ya ubongo na figo, ambayo haikuumbwa kupokea kishindo hicho. Namba ya juu ya presha inazidi kupanda, na kwa kupanda inazikakamaza ateri zaidi.

Mishipa midogo nayo ina jibu lake. Ili kujikinga na nguvu inayoizidi, hunenepesha misuli ya kuta zake. Ukuta ukinenepa kuelekea ndani, njia ya damu inakuwa nyembamba. Njia ikiwa nyembamba, moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo presha inapoanza kujizalisha yenyewe. Kijana ambaye mwanzoni shinikizo lake lilipandishwa na unene au chumvi anaweza kufika mahali ambapo mishipa yake yenyewe ndiyo inayoliweka juu.

Kuna tabaka la tatu la madhara, nalo ni la ndani kabisa. Ateri zote zimetandikwa kwa ngozi nyororo, nyembamba kuliko karatasi, inayoiambia mishipa ilegee wakati gani na kuzuia damu isigande ovyo. Ngozi hiyo ikichubuliwa na shinikizo, lehemu hupata mahali pa kupenya na kujificha ukutani. Mwanzo wake ni michirizi ya mafuta ya rangi ya manjano, isiyozuia damu hata kidogo. Baada ya miaka mingi baadhi ya michirizi hiyo hugeuka kuwa uvimbe mgumu, na siku uvimbe ukipasuka damu huganda juu yake na kuziba njia. Ikiwa ni katika mshipa unaolisha moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni ubongoni, ni kiharusi.

Je, ni kweli kwamba hayo huanza mapema kiasi hicho? Ushahidi wa kwanza uliowashangaza madaktari ulitoka vitani. Mwaka 1953 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa miili ya askari 300 wa Marekani waliouawa katika Vita vya Korea, vijana wa wastani wa miaka 22, na zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Kisha, kuanzia miaka ya 1970, katika mji mdogo wa Bogalusa huko Louisiana, Daktari Gerald Berenson na wenzake walianza kuwapima watoto wa weupe na weusi, na kuendelea kuwafuatilia walipokuwa wakikua. Baadhi ya watoto hao walifariki baadaye, wengi kwa ajali, na miili yao ikachunguzwa. Taarifa ya mwaka 1998 ilionyesha kwamba kadiri uzito, presha na lehemu za marehemu zilivyokuwa juu alipopimwa akiwa hai, ndivyo michirizi na uvimbe vilivyokuwa vingi katika mishipa yake. Huko Uswidi walifuatiliwa kwa miaka mingi vijana wa kiume zaidi ya milioni moja, waliopimwa presha walipoitwa jeshini wakiwa na umri wa miaka 18 hivi, na ikaonekana kwamba waliokuwa na presha ya juu wakati ule walikufa mapema zaidi. Ni watu wa mbali, ndiyo, lakini ateri ya mtoto wa Uswidi na ya mtoto wa Tandika zimefumwa kwa nyuzi zile zile.

Sasa tuutazame moyo wenyewe. Kati ya vyumba vyake vinne, kile cha chini upande wa kushoto ndicho kinachosukuma damu kwenda mwili mzima, na ndicho kinachobeba mzigo wote wa presha. Msuli ukibebeshwa mzigo hunenepa. Tazama mabega ya wapagazi wa Kariakoo. Ukuta wa chumba hicho hunenepa vivyo hivyo. Haya ndiyo madhara yanayoonekana mara nyingi zaidi kwa vijana wenye presha ya juu: tafiti zilizowachunguza kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, zimeyakuta katika sehemu kubwa yao, nyingine hadi wanne katika kila kumi. Nasisitiza kwamba hawa ni watoto wanaotembea, wanaosoma na wanaocheka.

Mtu anaweza kuuliza kuna ubaya gani moyo kuwa na misuli, ilhali mabega yenye misuli ni sifa. Moyo wa mwanamichezo ni kweli hukua, lakini chumba chake hupanuka pamoja na ukuta, na hubaki laini. Moyo wa mwenye presha unakuwa mnene na mgumu. Moyo mgumu haulegei vizuri, na usipolegea haujazi damu ya kutosha. Zaidi ya hayo, mishipa inayoulisha moyo hupata damu kwa wingi wakati ule moyo unapolegea. Hivyo msuli umeongezeka na mahitaji yake yameongezeka, lakini muda wa kula umepungua. Kwa miaka mingi kijana hatambui lolote, isipokuwa pengine kuchoka mapema kuliko wenzake anapopanda ngazi. Baadaye chumba cha juu cha kushoto hutanuka kwa kuzidiwa, mapigo yanaweza kupoteza mpangilio, na mwisho moyo uliokuwa na nguvu kupita kiasi unalegea na kuchoka. Ndipo miguu inapovimba na mgonjwa anapolala ameketi kwa kukosa pumzi. Mgonjwa wa namna hiyo akiwa na miaka 35, watu husema ameugua mwaka huu.

Figo na macho hupata sehemu yao ya madhara, na kwa kuwa mishipa yake ni midogo sana, ndiyo inayotoa habari mapema: protini katika mkojo, au mishipa iliyosinyaa nyuma ya jicho. Ndiyo sababu daktari akimkuta kijana na presha humwomba mkojo, jambo ambalo wazazi wengine hulitafsiri vibaya na kudhani binti yao anapimwa mimba kwa siri.

Habari njema, na ndiyo iliyonifanya niandike, ni kwamba katika umri huu mengi ya madhara haya yanaweza kurudi nyuma. Ukuta wa moyo ulionenepa hupungua presha ikishushwa. Uchunguzi uliounganisha watu waliofuatiliwa tangu utoto nchini Finland, Marekani na Australia, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba waliokuwa na presha ya juu utotoni lakini ikawa ya kawaida ukubwani walikuwa na hatari ndogo ya kukutwa na ateri nene za shingoni kuliko wale ambao presha yao ilibaki juu. Mlango ungali wazi kwa mtoto wa miaka 15. Kwa baba yake mwenye miaka 55 dawa huzuia balaa, lakini mishipa iliyokwisha kakamaa haiwi tena ya ujana.

Kujua ni lazima tupime. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani ya mwaka 2017, inayotumika katika nchi nyingi, inasema mtoto apimwe kila mwaka tangu miaka mitatu. Kuanzia miaka 13, presha iliyo chini ya 120 kwa 80 ni ya kawaida. Namba ya juu ikiwa kati ya 120 na 129, huku ya chini ikiwa bado chini ya 80, imepanda na yafaa kuangaliwa. Kuanzia 130 kwa 80 ni presha ya juu, na kuanzia 140 kwa 90 ni hatua ya pili inayodai matibabu bila kuchelewa. Kwa walio chini ya miaka 13 namba moja haitoshi, kwa kuwa hutegemea umri, jinsi na kimo; hapo muuguzi hutumia jedwali.

Kipimo kibaya ni afadhali kisifanyike. Kijana apumzike ameketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wa kulia ukiwa usawa wa moyo, bila kuzungumza na bila simu. Asiwe ametoka kukimbia wala kunywa kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu. Mkanda uwe wa kipimo chake: ukiwa mpana mno kwa mkono mwembamba, namba husomeka chini kuliko ukweli, ukiwa mdogo kwa mkono mnene, husomeka juu. Na asiitwe mgonjwa kwa siku moja. Wapo watu ambao presha hupanda wamwonapo tu mwenye koti jeupe. Kwa hiyo namba ikiwa juu hurudiwa siku nyingine, na kwa kawaida jina la ugonjwa hutolewa ikibaki juu mara tatu. Tofauti ni moja: presha ikizidi 180 kwa 120, au kijana mwenye presha akiumwa kichwa vikali, akaona ukungu au akapata degedege, asisubiri siku nyingine. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Kuhusu chanzo, kwa vijana kuna makundi mawili. Katika kundi la kwanza ipo sababu iliyojificha, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo na presha yake kuwa juu sana ndivyo sababu hiyo inavyopaswa kutafutwa. Mara nyingi ni figo. Mtoto aliyepata vidonda vya koo, au upele ulioingia usaha, halafu wiki chache baadaye uso ukavimba na mkojo ukawa na rangi ya chai, figo zake zimeshambuliwa na presha yake inaweza kupanda kwa haraka. Kichocho kilichoachwa miaka mingi nacho huharibu njia za mkojo na figo. Wengine huzaliwa na ateri kuu iliyobanwa mahali pamoja. Presha ya mkononi huwa juu na ya miguuni huwa chini, na daktari akigusa kinena hukuta mapigo dhaifu. Hilo hurekebishwa. Hospitali za rufaa za mkoa za Temeke, Mwananyamala na Amana ndiko pa kuanzia, nazo hupeleka wanaohitaji kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili.

Kundi la pili ndilo kubwa zaidi kwa vijana, na chanzo chake ni mchanganyiko wa kurithi, uzito na namna ya kuishi. Hapa yanipasa kusema juu ya meza zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kikiwa kimejumuisha kila kilichomo ndani ya chakula. Mwanafunzi anayetoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala hujaza nusu ya kijiko hicho kabla ya saa sita mchana, kwa chipsi zilizonyunyiziwa chumvi mara mbili, soseji za mkokoteni na embe mbichi lililochovywa chumvi na pilipili. Akirudi jioni anakuta mchuzi uliotiwa viungo vya pakiti, ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi, na maharage yaliyolainishwa kwa magadi. Wengi hawajui kwamba magadi nayo yana sodiamu, kitu kile kile cha kwenye chumvi kinachopandisha presha. Na sisi Wakatoliki tuna kioja chetu: Ijumaa za Kwaresima tunajinyima nyama, jambo linalomhusu kila aliyetimiza miaka 14, halafu tunajaza sinia ng’onda na papa wa chumvi. Samaki hao waloweshwe na maji yamwagwe zaidi ya mara moja kabla ya kupikwa.

Mchicha, maharage, ndizi na machungwa, ambavyo soko la Tandale au Mbagala Rangi Tatu havikosi, husaidia mwili kuitoa sodiamu. Isipokuwa mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Mazoezi yanatakiwa dakika 60 kwa siku kwa watoto na vijana hadi miaka 17, na hapa lawama haiwaangukii vijana peke yao. Viwanja walivyochezea kaka zao vimekuwa fremu za maduka na maegesho ya magari. Viwanja vya parokia visifungwe kwa kufuli siku za juma. Kijana mwenye presha ya kawaida ya kupanda kidogo acheze. Aliye katika hatua ya pili aache kwanza kunyanyua vyuma hadi presha idhibitiwe.

Kuna jambo ambalo wazazi hawapendi kulisikia. Vipo vidonge vinavyouzwa kwa wasichana ili wanenepe, na krimu za kung’arisha ngozi, ambavyo baadhi huwa na dawa za jamii ya steroidi. Dawa hizo zikitumiwa kwa muda huzuia chumvi mwilini, huvimbisha uso na kupandisha presha. Baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango, na dawa za maumivu kama diklofenaki zikimezwa kila siku, zaweza kufanya vivyo hivyo. Daktari asipoambiwa ukweli atatafuta ugonjwa ambao haupo. Mama akikuta kopo la namna hiyo kwenye begi la binti yake, alipeleke kituo cha afya pamoja na binti mwenyewe, na ugomvi ungoje.

Daktari akiandika dawa, zimezwe. Nimesikia, tena kutoka kwa watu wa kanisani, kwamba kumpa kijana vidonge vya presha ni kumfunga maisha, na kwamba afadhali aombewe. Aombewe, naam, nami huja na mafuta matakatifu pale mgonjwa yuko katika hatari. Lakini Kanisa halijafundisha kamwe kwamba Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa imewekwa mahali pa dawa, na Katekisimu inahesabu kuutunza mwili kwa busara kuwa ni wajibu wetu. Anayetangaza madhabahuni kwamba fulani amepona presha na atupe vidonge anachezea ateri za mtu mwingine, kwa kuwa presha haiumi ikipona wala ikirudi. Kipimo pekee ndicho kinachojua. Kwa vijana wengine waliopunguza uzito na chumvi, daktari mwenyewe hupunguza dawa hata kuziondoa. Na msichana anayetumia dawa kama kaptopril, enalapril au lisinopril ajue kwamba humdhuru mtoto aliye tumboni. Akihisi ana mimba amwambie daktari mara moja, hata kama hajawa tayari kumwambia mtu mwingine.

Wanaosoma bweni wanahitaji barua. Mzazi aandike kwa matroni jina la dawa na saa ya kumeza, vinginevyo vidonge hukaa sandukuni muhula mzima.

Kwa jumuiya na parokia zinazopanga siku ya afya, ombi langu ni dogo. Kituo cha afya kinapoandikiwa barua, kiombwe kije na mikanda ya saizi tatu, sio ule wa watu wazima peke yake. Wanakipaimara, wanakwaya vijana na TYCS watangaziwe zamu yao, ikiwezekana mapema kabla ya Misa ya pili, kwenye chumba chenye utulivu, mbali na spika. Kila namba iandikwe katika kadi ya kijana mwenyewe pamoja na tarehe, wala isisomwe kwa sauti mbele ya foleni. Na ambaye namba yake imekuwa juu apewe tarehe ya kurudi, na mtu mmoja wa jumuiya yake wa kumkumbusha.